Kutua Mzigo Njiani

Hotuba kwa wazazi na wauguzaji wa wagonjwa, Tanga, Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba

Wazee wangu, shikamooni. Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Na vijana mliosimama pale nyuma, ingieni, viti vya mbele bado vipo.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 27, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza koridoni. Kwa hiyo nitaanza na mama mmoja niliyemkuta kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, kijana wake akiwa ndani. Khanga moja kiunoni, nyingine begani, na pembeni yake rundo la ukindu uliochanwa, amelifunga kwa kitambaa kibichi lisikauke. Alikuwa anasuka ukili. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinapokea, mwaa mmoja unapita juu, mwingine unapita chini, na kila urefu wa mkono ukikamilika anaukunja na kuulaza mapajani. Mumewe alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Mara akasimama mbele yake, akamwambia kwa uchungu: "Mwanao anapasuliwa, wewe unasuka mkeka?" Mama hakuinua macho. Alisema, "Nikiiacha mikono, moyo utanitoka."

Wakati ule nilikuwa mgeni kazini, na moyoni nilikuwa upande wa baba. Nilimwona mama yule kama mtu aliyejitia hamnazo. Leo nimekuja kumtetea. Halafu nitaeleza mahali ambapo utetezi wangu unaishia, kwa sababu hapo ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe.

Tuangalie kwanza maneno tunayotumia. Kijana anasema, "naenda kuangalia mpira nipoteze mawazo." Kwetu mawazo ndilo jina la ugonjwa wenyewe: fulani ana mawazo, fulani amekonda kwa mawazo. Neno wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Waliosoma Suratu Nnas wanamkumbuka yule anayetajwa pale, anayenong'ona ndani ya vifua vya watu. Kila nikilitafakari neno hili naona waliolitumia waliujua ugonjwa vizuri. Wasiwasi haupigi kelele. Unanong'ona: je, akifa? je, wakinifukuza? je, mtoto akifeli? Na mtu, badala ya kuondoka, anainamisha sikio asikie vizuri zaidi, akiamini kwamba akisikiliza hadi mwisho atapata jibu. Mwili nao unasikia. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, viganja vinaloa. Mwili umejiandaa kukimbia, na mwenyewe ameketi kwenye benchi, pa kukimbilia hana.

Kuna watu waliopima kama kule kusikiliza kunaleta jibu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, alikuwa amewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, kuhusu namna wanavyokaa na huzuni zao: wapo wanaoitafuna mchana na usiku, wapo wanaonyanyuka wakatafuta la kufanya. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, eneo lile likapigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Alipowarudia, siku kumi baada ya tetemeko na tena baada ya wiki saba, wale ambao tangu mwanzo walikuwa watafunaji wa huzuni ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Kutafuna hakukuwapa jibu lolote.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye kosa moja tunalolifanya sote, mimi nikiwemo, tena kwa upendo. Mtu akituambia ana wasiwasi, tunamjibu: "Usiwaze." Tunamshika bega: "Usiwaze kabisa, toa hofu." Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, huko huko Marekani, walichapisha jaribio ambalo nalieleza kila ninapopata watu wa kunisikiliza. Walimweka mwanafunzi peke yake chumbani, wakamwambia aseme kwa sauti kila linalomjia akilini kwa dakika tano, isipokuwa asimfikirie dubu mweupe. Akimfikiria, agonge kengele. Kengele zikalia. Kibaya zaidi kilikuja baadaye: waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Walikuwa wamemfukuza, kumbe walikuwa wanamlea.

Lakini Wegner hakuishia hapo. Kundi jingine waliambiwa: dubu akija, fikirieni gari jekundu aina ya Volkswagen. Jambo hilo dogo tu, kupewa kitu kimoja cha kushika, na dubu hakurudi kwa nguvu ile. Ndugu zangu, unapomwambia muuguzaji mwenzako "usiwaze," umempa kengele mkononi. Mpe gari jekundu. Mama yule wa koridoni alikuwa na lake, limekunjwa mapajani.

Kwa nini lisaidie? Wanasayansi wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza mwaka 1974 kwamba ile sehemu ya akili tunayofanyia kazi ya sasa hivi ni ndogo mno. Mimi huilinganisha na meza ya fundi cherehani. Upande mmoja pana nafasi ya maneno, upande wa pili nafasi ya picha, na pande zote mbili hujaa upesi. Ukiijaza picha na vidole vya ukili, picha ya mwanao akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji inakosa pa kutandazwa. Ukiijaza maneno, kwa dhikri, kwa rozari, kwa kuhesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa saba saba, mnong'ono unakosa sauti. Huko Oxford, Emily Holmes na wenzake waliwafuata watu 71 waliofikishwa idara ya dharura baada ya ajali za barabarani. Ndani ya saa sita za ajali, baadhi yao walikumbushwa kidogo lililowapata, kisha wakapewa kucheza Tetris, ule mchezo wa matofali yanayodondoka ambao wengi wetu tuliucheza kwenye vimashine vya mkononi. Katika wiki iliyofuata, picha za ajali zilizowarukia akilini bila kuitwa zilikuwa pungufu kwa asilimia 62 zikilinganishwa na za wenzao ambao hawakucheza. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Hili nililiona kwa macho yangu kabla sijalisoma popote. Nilifanya kazi wodi ya watoto walioungua. Wazazi mliowahi kumuuguza mtoto wa moto mnaijua saa ya kubadilisha bandeji. Mtoto anaanza kulia akisikia tu magurudumu ya kitoroli. Kule Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson walitengeneza miwani ya kompyuta inayomwingiza mgonjwa aliyeungua katika bonde la theluji, akawa anarusha matonge ya theluji huku kidonda kinasafishwa, na maumivu anayoyasikia yakapungua sana. Sisi hatukuwa na miwani hiyo. Tulianza na nyimbo, na nyimbo hazikutosha. Mtoto anaujua wimbo kwa moyo, mdomo unaimba wenyewe, macho yako kwenye mkasi.

Siku moja, bila kupanga, nikamwambia binti mmoja wa miaka kama saba: "Kitendawili!" Akanitazama, machozi yametanda. Akasema, "Tega." "Kuku wangu katagia miibani." Akanyamaza. Nikaanza kufungua bandeji ya juu. Nikaona paji la uso linakunjamana, na ule haukuwa mkunjo wa maumivu, alikuwa anatafuta. Nikaloweka ya pili kwa maji ya chumvi, ikaachia. "Kaa," akasema. Nikamwambia hapana. Nikafika ya ndani kabisa, ile inayoshika. "Nanasi!" Alilipiga kelele neno hilo mpaka mama yake akaruka kitini. Halafu akanidai kingine. Wimbo haukumdai kitu, kitendawili kilimdai akili yote. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kitu cha kumtoa mtu kwenye wasiwasi lazima kiwe na ugumu wa kadiri: kikiwa chepesi mno mnong'ono unapita katikati yake, kikiwa kigumu mno kinageuka wasiwasi mwingine. Bao ni zuri kwa sababu hiyo. Mashimo 32, kete 64, na mwenzako anasubiri utakate.

Wazee wetu hili hawakuhitaji kuchapishiwa. Angalieni msiba wa kwetu. Wanawake wanakaa na mfiwa, wanamchambulisha mchele hata kama mchele ulishachambuliwa. Nje wanaume wanapiga karata na drafti hadi usiku wa manane, na mgeni asiyejua anadhani hawana huruma. Wanamzuia mwenzao asibaki peke yake na usiku. Hata hivyo, jamii ile ile imeweka siku. Khitma ikisomwa, matanga yanaanuliwa, mikeka inakunjwa, jamvi linarudi msikitini, na mfiwa anaambiwa kwa upole kwamba sasa maisha yanamsubiri, madeni ya marehemu yanamsubiri, mirathi inamsubiri. Kujishughulisha kulikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Na lugha yetu imelihifadhi jambo hili mahali ambapo huwa hatupaangalii. Mtu aliyebeba mzigo kichwani akifika kivulini anatua. Pale anapotua ndipo kituo. Aliyetua, ametulia, na kutoka hapo tumepata utulivu, kitulizo, kutulizana. Mzigo bado ni wake, umelala chini karibu na mguu wake. Shingo imepumzika, atajitwika tena.

Sasa niseme ya kwangu.

Miaka michache iliyopita niligusa kivimbe kwenye titi la kushoto, ukubwa wa punje ya hindi. Nilifanya kama ninavyowafundisha wengine: nikaenda, nikakatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kipimo, nikaambiwa majibu yatakuwa tayari baada ya wiki mbili. Mpwa wangu alikuwa anaolewa miezi ile, nami nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi. Wiki zile mbili za kwanza sizijutii. Hakukuwa na kitu chochote nilichoweza kufanya kuhusu kile kipande cha nyama, kilikuwa kwenye mikono ya wengine. Nilihesabu michango, nikafuatilia ahadi, nikabishana bei ya maturubai, nikalala usingizi wa mtu aliyechoka. Nilikuwa kwenye kituo.

Kisha simu ikapigwa. Majibu tayari. Nikasema nitakuja Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na kikao. Alhamisi tulikwenda kuchagua vitambaa vya sare. Wiki iliyofuata mpishi alibadilisha bei, na mimi, muuguzi wa miaka yote hiyo, nikajiambia kwamba jambo la mpishi haliwezi kusubiri. Kuna usiku mmoja niliukumbuka baadaye. Nimekaa sakafuni na daftari la michango, nahesabu kwa mara ya tatu, na hesabu ilikuwa imekubali tangu mara ya kwanza. Mikono ilikuwa inafanya kazi ile ile ya mama wa koridoni. Ila mlango wangu ulikuwa wazi, jina langu limeitwa, nami nikaendelea kusuka.

Zilipita wiki tano. Harusi ikafana, maturubai yakashushwa, na Jumatatu asubuhi nikajikuta nimekaa kwenye ngazi za nyumba, sina daftari, sina simu ya kupiga, magoti yananitetemeka. Ndipo nikaenda. Uvimbe haukuwa saratani. Watu wakasema Mungu mkubwa, na kweli ni mkubwa. Lakini karatasi ile ilikuwa na neno hilo tangu siku niliyopigiwa simu. Wiki tano nililala na saratani ambayo sikuwa nayo. Na kama ningekuwa nayo, wiki tano hizo ningezilipa kwa mwili wangu.

Nimemkumbuka tena na tena yule mama. Unajua alifanya nini mlango ulipofunguliwa? Muuguzi alitaja jina la mtoto, na ukili ulianguka pale pale, mwaa mmoja ukiwa bado umenasa kwenye kidole. Alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Mumewe, aliyekuwa amejichosha kwa saa tatu za kutembea, ilibidi tumwite mara mbili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Sista, hivi ninavyojishughulisha ni dawa au ni kukimbia?", namuuliza swali moja tu: je, kuna jambo leo ambalo ni wewe peke yako unayeweza kulifanya? Kama halipo, mtoto yuko chumba cha upasuaji, matokeo ya kidato cha nne hayajatoka, mume yuko baharini, basi suka, cheza, lima, pika maandazi ya mtaa mzima, hakuna wa kukulaumu. Kama lipo, lifanye kwanza, hata nusu yake, ndipo ushike ukili.

Nina dada mmoja ambaye kila akivuka kivuko cha Pangani kwenda Bweni hufumba macho na kuziba masikio kwa muziki hadi pantoni iguse ng'ambo. Amevuka hivyo miaka. Hofu yake haijapungua hata kidogo, kwa sababu hajawahi kuwapo kwenye kivuko akaona kwamba kilifika. Hofu hufundishika, ila lazima mwanafunzi awe darasani. Namshauri avuke akiwa amefumbua macho, mara ya kwanza na mtu wa kumshika mkono, asimame pembeni ya reli, autazame mto.

Wale ambao mnong'ono hauna saa, unawajia jikoni, ofisini, kwenye daladala, jaribuni kitu alichokieleza Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983. Upe wasiwasi miadi. Nusu saa kila siku, saa ile ile, kiti kile kile, kisiwe kitanda. Wasiwasi ukibisha hodi saa nne asubuhi, uambie: tutaonana saa kumi na moja jioni. Andika neno moja kwenye karatasi usije ukasahau, kisha rudi kwenye kazi iliyo mbele yako. Saa kumi na moja ikifika, kaa kweli, soma ile karatasi, uamue lipi linakudai hatua. Wengi wanarudi kuniambia kwamba nusu ya waliyoyaandika hawayaoni tena kuwa makubwa. Msiruke ile miadi tu. Mkiiruka, mmeudanganya wasiwasi wenu, nao hautakubali kuahirishwa tena.

Na hakuna aliyesema muwe peke yenu kwenye kiti hicho. Harare, Zimbabwe, mtaa wa Mbare, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 kuketi na watu kwenye benchi la kliniki. Watu wa huko wa kabila la Washona ugonjwa wa mawazo wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Bibi anasikiliza, wanachagua tatizo moja kati ya mengi, wanakubaliana hatua moja. Baadaye mtu anakaribishwa kwenye kikundi cha wenzake, na huko wanafuma mikoba kwa plastiki zilizotupwa huku wakizungumza. Mikono inafanya kazi, na mdomo haufichi. Nikiona picha zao namwona mama wa koridoni akiwa na wenzake kumi.

Mwenye wasiwasi usiomwacha kula, kulala au kwenda kazini kwa wiki kadhaa, asijitibu kwa ukili wala kwa hotuba yangu. Aje kliniki. Na pombe siihesabu kabisa katika haya. Mawazo yanayopotezwa kwa pombe hurudi alfajiri na ndugu zao.

Nimeletewa swali kwenye karatasi na baba mmoja. Anasema kijana wake amemaliza shule, kazi hajapata, usiku kucha yuko kwenye simu, mchana analala, akiulizwa anasema anapoteza mawazo. Afanyeje?

Baba, nakushukuru kwa kuuliza. Usimnyang'anye simu. Kijana wako anatua mzigo mahali pasipo na kituo: video moja ikiisha nyingine imeshaanza, hakuna mstari wa mwisho wa kumwambia nyanyuka. Na mzigo wake ni wa kweli, kazi hakuna. Mpe kitu chenye mwisho. Mwambie leo jioni unahitaji mtu wa kucheza naye bao, hata kama hajui, mfundishe. Msizungumzie kazi, wala usimtajie mtoto wa jirani. Chezeni mchezo wa kwanza, wa pili, mwache akufunge ukifungika. Mkimaliza wa tatu, kete zikiwa bado zimelala hovyo ubaoni, kabla hamjaanza kuzipanga tena, muulize, "Mwanangu, kinachokunyima usingizi ni nini hasa?" Halafu usipange kete mpaka ajibu.